Mashine au Kazi: Kompyuta za Kwanza za Biashara za Uingereza katika Makumbusho

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna makumbusho ya Uingereza yalivyohifadhi, na mara nyingine yalivyoshindwa kuhifadhi, kompyuta za kwanza zilizotengenezwa nchini humo kwa ajili ya shughuli za biashara. Swali linaloulizwa ni jepesi kulitamka lakini gumu kulijibu: kinapohifadhiwa kifaa cha aina hii, kinachohifadhiwa hasa ni nini? Je, ni makabati ya chuma pamoja na nyaya na vali zilizomo, au ni kazi iliyokuwa ikitendwa humo? Itadaiwa hapa kwamba jibu la mhifadhi huonekana kwanza katika maneno anayoyachagua anapoandika katalogi, na kwamba maneno hayo huchangia sana kuamua kitu gani kitunzwe na kipi kiachwe kiende. Kwa sababu hiyo suala hili, ingawa kwa juu juu ni la wahandisi na wanahistoria, linamhusu pia mtaalamu wa lugha.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kukumbushwa kwamba jina la kifaa linaweza kuwa uwanja wa mabishano. Kompyuta imewahi kuitwa ngamizi, na bado wapo wanaoiita tarakilishi. Neno hili la mwisho, ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa limetokana na tarakimu na akili, linaiweka mashine moja kwa moja katika uwanja wa hesabu. Kiingereza nacho kilipitia njia kama hiyo, kwani hadi katikati ya karne ya 20 neno computer lilikuwa bado likimtaja mtu aliyeajiriwa kufanya mahesabu. Ni jambo la kuzingatia, basi, kwamba kampuni ya kwanza ulimwenguni kuiingiza mashine hiyo katika kazi za kila siku za biashara haikuipa jina la kifaa cha kuhesabia. Iliiita ofisi.

2.0 Ofisi ya Kielektroniki

Kampuni hiyo ilikuwa J. Lyons & Co., iliyojulikana kwa mikahawa yake ya chai, keki na mikate. Makao yake makuu yalikuwa Cadby Hall, Hammersmith, magharibi mwa London. Mtu anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba wauza keki ndio waliotangulia mabenki na viwanda vya silaha. Mshangao huo hupungua pindi inapoeleweka biashara yenyewe ilivyokuwa. Faida katika kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno, na vikombe vinavyouzwa kwa siku ni vingi mno. Karani mmoja akikosea hesabu, au hesabu zikichelewa wiki moja, faida yote huweza kupotea bila ya meneja kujua imepotelea wapi. Kwa hiyo Lyons ilikuwa na jeshi la makarani, na mapema katika miaka ya 1930 ilikwishakuwa na idara maalumu ya kuchunguza taratibu za ofisi. Aliyekuwa nyuma ya jitihada hizo ni John Simmons, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyejiunga na kampuni mwaka 1923.

Jambo hili linafaa kusisitizwa. Kabla haijawepo mashine, kazi ilikwishaelezwa kwa maandishi: fomu ipi inatoka wapi, inakwenda kwa nani, inajumlishwa na nini, na nani anaikagua. Mwaka 1947 kampuni iliwatuma Marekani wakubwa wake wawili, T. R. Thompson na Oliver Standingford, kuangalia mbinu mpya za ofisi. Huko walikutana na Herman Goldstine, ambaye aliwafahamisha kwamba katika chuo kikuu cha Cambridge, nyumbani kwao wenyewe, Maurice Wilkes alikuwa akijenga kompyuta iliyoitwa EDSAC. Lyons ikatoa msaada wa fedha na fundi mmoja. EDSAC ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, mwezi Mei 1949, Lyons ikaanza kujenga ya kwake kwa kufuata mfano huo. Uhandisi ulikuwa chini ya John Pinkerton, na David Caminer alisimamia uchanganuzi wa kazi na uandishi wa programu. Jina lake lilikuwa Lyons Electronic Office, kwa kifupi LEO.

Kazi ya kwanza ya kila wiki ilianza Novemba 1951, nayo ilikuwa kukadiria thamani ya mikate, keki na bidhaa nyingine zilizotoka katika viwanda vya kuokea. Baadaye zikafuata hesabu za mishahara. Inaelezwa kwamba karani mzoefu alihitaji dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja, na LEO ilihitaji sekunde moja na nusu. Hata hivyo, kazi inayoonyesha vizuri zaidi maana ya neno ofisi ni ile ya mikahawa. Kila siku msimamizi wa mkahawa alipaswa kuagiza vitu vya kesho yake. Badala ya kila mkahawa kujaza fomu upya, LEO ilikuwa na oda ya kawaida ya kila mkahawa, na msimamizi aliulizwa kwa simu mabadiliko tu: leo ongeza hiki, punguza kile. Aliyepokea simu alitoboa mabadiliko hayo kwenye kadi papo hapo. Ugunduzi hapa ulikuwa mazungumzo yaliyopangwa upya, kiasi kwamba maneno machache ya simu yalitosha kuzaa orodha kamili ya mizigo ya magari alfajiri.

LEO I ilizimwa Januari 1965 na kuvunjwa. Kufikia wakati huo Lyons ilikuwa imekwishaunda kampuni tanzu ya kuuza kompyuta, mwaka 1954, na zilikuwa zimetoka LEO II na LEO III. Moja kati ya LEO III za mwanzo ilikwenda Johannesburg kuhudumia kampuni ya migodi ya Rand Mines. Mwaka 1963 shughuli hizo ziliunganishwa na za English Electric, na mwaka 1968 zikamezwa na kampuni kubwa ya ICL. Posta ya Uingereza iliendelea kutumia LEO III hadi mwaka 1981. Cadby Hall yenyewe ilibomolewa katika miaka ya 1980.

3.0 Tatizo la Katalogi

Chukulia kwamba mhifadhi analetewa sehemu ya LEO I na kutakiwa aiandikie kadi. Ana njia mbili. Anaweza kuandika kwamba hiki ni kipande cha kompyuta ya vali takribani 6,000, yenye ghala la maneno 2,048 lililotengenezwa kwa mirija 64 ya zebaki, iliyojengwa kwa kufuata usanifu wa EDSAC. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini kwa mujibu wake LEO ni nakala, na makumbusho yenye kipande cha EDSAC hayana haja kubwa ya kipande cha mwanawe. Au anaweza kuandika kwamba hiki ni kipande cha mashine ya kwanza kufanya kazi ya kawaida ya ofisi ya biashara. Kwa maelezo haya LEO haina mfano kabla yake. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni kitenzi kinachotumika kukieleza. Katika kadi ya kwanza kifaa kina sifa, na katika ya pili kinatenda.

Katika historia ya makusanyo ya Uingereza, kwa muda mrefu mtindo wa kadi ya kwanza ndio uliotawala. Haukuwa uzembe. Makumbusho ya sayansi na teknolojia yalilelewa katika utamaduni wa injini za mvuke, ambamo thamani ya kifaa hupimwa kwa upya wa umbo lake. Kwa kipimo hicho mashine za vyuo vikuu na maabara zilikuwa na bahati, maana kila moja ilikuwa na umbo lake, na wenyewe walijua kwamba wanaandika historia. Ndiyo maana Science Museum ya London inayo Pilot ACE, mashine ya maabara ya taifa ya fizikia iliyotokana na mawazo ya Alan Turing. Ndiyo maana pia kompyuta ya Harwell, iliyotumika katika utafiti wa atomiki, iliweza kupita mikono mingi na bado mwaka 2012 ikawashwa tena katika National Museum of Computing iliyoko Bletchley Park.

Mashine za biashara zilikuwa na mwisho mwingine. Mwenye nazo alikuwa mhasibu, na kwake mashine iliyokwisha thamani katika vitabu ni mzigo unaokalia sakafu ya kodi. Vali na makabati viliuzwa kama chuma chakavu, na hapana aliyeona kuwa ametenda kosa. Inafaa kuongeza kwamba ufanisi wenyewe ulikuwa adui wa kumbukumbu: mashine iliyofanya kazi zake kimya kimya kwa miaka kumi bila ya kuandikwa gazetini haikuwa na wa kuililia. Linganisha na ERNIE ya mwaka 1957, mtambo uliochagua namba za washindi wa hati za akiba za serikali. Huo haukuwa hata kompyuta kwa maana kamili ya neno, bali kichagua namba. Lakini ulipewa jina la mtu, ulipendwa na wananchi, na leo umo katika mkusanyo wa Science Museum.

Kuna kejeli ndogo katika habari hii. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vitu vya Science Museum visivyoonyeshwa ilihifadhiwa Blythe House, jumba kubwa la magharibi mwa London ambalo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya benki ya akiba ya posta. Katika vyumba vile vile ambamo makarani waliinama juu ya vitabu vya hesabu, ndimo vilimohifadhiwa baadaye vyombo vya kila namna, kabla ya kuhamishiwa ghala la Wroughton, Wiltshire. Jengo lilikuwa ushahidi wa ofisi ya kale kuliko vingi vilivyokuwamo ndani yake.

4.0 Mashine Zilizosalimika

Pamoja na hasara hiyo, zipo mashine za biashara zilizopona. Ya kwanza kutajwa ni HEC, iliyoundwa mwaka 1951 na British Tabulating Machine Company kwa kutumia usanifu wa Andrew Donald Booth wa Birkbeck College. Kampuni hiyo ilikuwa muuzaji mkuu wa mashine za kadi za matundu, kwa hiyo wateja wake tayari walikuwa na kadi, makarani wa kuzitoboa, na mazoea ya kazi. Kutokana na HEC ulizaliwa mfululizo wa kompyuta ulioenea katika ofisi za Uingereza, takribani 100 kwa jumla, idadi kubwa kwa wakati huo. Mashine ya mfano ilitunzwa na makumbusho ya Birmingham, na baadaye ikaazimwa na National Museum of Computing. Pegasus ya Ferranti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 kwa wahandisi na kwa kampuni za bima vilevile, ilifufuliwa katika Science Museum kwa msaada wa Computer Conservation Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1989, na kwa miaka kadhaa wageni waliweza kuiona ikifanya kazi.

Lakini iliyo muhimu kuliko zote kwa hoja ya makala haya ni ICT 1301 ambayo wafufuaji wake waliipa jina la Flossie. ICT ilizaliwa mwaka 1959 pale British Tabulating ilipoungana na mshindani wake, Powers-Samas. Flossie ilinunuliwa na chuo kikuu cha London mwaka 1962, ikatumika kwa hesabu za chuo na kwa matokeo ya mitihani. Ilipostaafu iliangukia mikononi mwa watu binafsi na hatimaye ikafikishwa shambani Kent, ambako ilikaa katika banda kwa miaka mingi. Uzito wake ni takribani tani 5. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la watu wa kujitolea lilishughulika kuifufua, na likafaulu. Baadaye ikafunguliwa na kupelekwa kuhifadhiwa na National Museum of Computing. Hakuna taasisi iliyopanga kuokoka kwake. Kuliwezekana kwa sababu banda lilikuwa na nafasi na wenye banda walikuwa na subira.

Katika Flossie kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulisema kwa nguvu kama chuma. Hadi tarehe 15 Februari 1971 fedha ya Uingereza ilihesabiwa kwa ngazi tatu: peni 12 zilifanya shilingi 1, na shilingi 20 zilifanya pauni 1. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye shilingi yake imekuwa ya senti 100 tangu miaka ya 1920, huenda asihisi uzito wa jambo hili. Katika kujumlisha safu moja ya hesabu, karani wa Kiingereza alibeba mabaki kwa 12 kulia, kwa 20 katikati, na kwa 10 kushoto. Kompyuta nyingi za wakati huo zilihesabu kwa misingi ya mbili, na kugeuza peni na shilingi kulikuwa kazi ya programu, kazi iliyokula muda. Katika ICT 1301 wahandisi walilipachika jambo hilo ndani ya saketi zenyewe: mashine iliweza kujumlisha kwa misingi ya kumi au kwa pauni, shilingi na peni, jinsi ilivyoamriwa. Yaani sarufi ya fedha ya taifa moja ilichongwa katika waya. Fedha ilipobadilishwa mwaka 1971, sehemu hiyo ya mashine ikawa kama kiambishi kilichobaki katika neno baada ya maana yake kufa.

Kwa hiyo wanaodai kwamba chuma ni ganda tu na kwamba nyaraka zatosha, hawako sahihi. Kitabu cha maelekezo kitasema kwamba mashine ilijumlisha fedha. Ni mashine yenyewe inayoonyesha ni nafasi kiasi gani, gharama kiasi gani na akili kiasi gani zilitumika ili karani asilazimike kubadili desturi yake. Biashara haikuifuata mashine, bali mashine ndiyo iliyofundishwa desturi za biashara.

Suala jingine ambalo mashine hizi huliibua ni la uraia. Maandishi juu ya historia ya teknolojia nchini Tanzania hueleza kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500. Kwa jina na kwa muuzaji, hiyo ni kompyuta ya Uingereza. Kwa asili sivyo: ICT 1500 ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyouzwa kwa lebo ya Kiingereza, kwa kuwa ICT ilihitaji mashine ya kuziba pengo katika orodha yake. Je, katalogi ya kompyuta za Uingereza iiingize au iiache? Anayepanga kwa asili ya umbo ataiacha. Anayepanga kwa kazi, mikataba, mafunzo ya wafanyakazi na vitabu vya maelekezo, ataiingiza bila ya kusita, maana watumishi wa hazina walifanya biashara na kampuni ya Kiingereza.

5.0 Karatasi, Sauti na Maneno

Kwa kuwa hakuna LEO nzima ya kwanza iliyobaki, wapenzi wake walilazimika kuhifadhi vitu vingine, na pengine hasara hiyo imewafundisha zaidi kuliko ambavyo mashine nzima ingewafundisha. Vipande vya LEO I vimo katika Science Museum. Karatasi za Simmons zimo katika kituo cha nyaraka cha chuo kikuu cha Warwick. Chama cha watu waliofanya kazi na LEO, kwa ushirikiano na Centre for Computing History ya Cambridge, kimekusanya nyaraka, picha na mahojiano ya sauti, na mradi wao umetengeneza pia taswira ya chumba cha LEO I ambayo mtazamaji anaweza kutembea ndani yake kwa msaada wa kompyuta ya leo.

Ghala la zebaki linaeleza kwa nini sauti na karatasi vinahitajika. Katika LEO I, kama katika EDSAC, tarakimu ziligeuzwa kuwa mawimbi ya sauti yaliyosafiri ndani ya mrija wa zebaki. Yalipofika mwisho yalisikilizwa, yakaimarishwa, yakarudishwa mwanzoni. Mashine ilikumbuka kwa kurudiarudia, mfano wa mwanafunzi anayehifadhi aya kwa kuisoma bila ya kukoma. Umeme ukikatika, hakuna kilichobaki. Mrija unaoonekana leo katika kabati la kioo haukuhifadhi hata tarakimu moja ya bei ya mkate. Aidha, LEO III zilikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na mtambo, na waendeshaji walijua kwa masikio iwapo programu inakwenda sawa au inazunguka mahali pamoja bila ya kutoka. Maarifa hayo yalikuwa katika sikio la mtu, si katika kabati.

Upande wa maunzi laini, kazi iliyofanyika juu ya LEO III inastahili kuangaliwa na kila mhariri wa miswada. Programu za msingi za mashine hiyo zilikuwa zimebaki katika karatasi zilizochapwa na mashine ya kuchapia. Watu wa kujitolea walizichapa upya, amri baada ya amri, kisha wakatengeneza programu inayoigiza mwenendo wa LEO III ndani ya kompyuta ya kisasa, na amri hizo za kale zikatekelezwa tena. Mbinu ni ile ile ya mhariri wa utenzi aliye na nakala moja iliyofifia: kusoma, kukisia, kunakili, kukagua. Tofauti iliyopo ni kwamba utenzi ulionakiliwa vibaya bado husomeka, lakini programu yenye herufi moja iliyokosewa huweza kukwama. Mhariri wa programu hupata hukumu ambayo mhariri wa utenzi haipati kamwe.

LEO III ilikuwa pia na lugha zake. Intercode ilikuwa karibu na mashine. CLEO, ambayo kirefu chake kilimaanisha lugha iliyo wazi ya kueleza amri, ilikusudiwa kumkaribia mtumiaji. Uchaguzi wa neno amri si wa bahati. Waingereza wa kizazi hicho, wa Cambridge na wa Lyons kadhalika, walisema order pale ambapo baadaye Kiingereza cha kimataifa, kwa mvuto wa Marekani, kilisema instruction. Walisema store, yaani ghala au bohari, pale ambapo wengine walisema memory, kumbukumbu. Kiswahili, kilipoanza kuunda istilahi zake, kilipokea sitiari ya kumbukumbu, na ile ya bohari haikupata nafasi. Hapana budi kusema kwamba katika ofisi ya kiwanda cha mikate sitiari ya bohari ilikuwa na mantiki yake: vitu huingia, huhesabiwa, huwekwa mahali palipoandikwa namba, na hutolewa vinapodaiwa. Anayesema kumbukumbu ameifananisha mashine na mtu. Anayesema bohari ameifananisha na jengo la kazi.

Walioyatumia maneno hayo wanazidi kupungua. Pinkerton alifariki mwaka 1997 na Caminer mwaka 2008. Mary Coombs, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara, alifariki mwaka 2022. Huyu alikuja Lyons akiwa amesoma Kifaransa na historia, si uhandisi, na mwaka 1952 akaingizwa katika kundi la LEO baada ya kupitia mafunzo na majaribio ya uwezo. Kwamba mtu wa lugha aliweza kuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu hakupaswi kumshangaza mwanaisimu. Kilichotakiwa kilikuwa kumsikiliza karani akieleza kazi yake, kutambua pale anapoacha jambo kwa kuwa analiona ni dhahiri, na kuliandika hilo jambo kwa namna isiyo na maana mbili. Masimulizi yake na ya wenzake yamehifadhiwa katika mahojiano, na thamani yake kubwa zaidi imo katika vijisehemu ambavyo mhojaji asiye mzoefu angevikata: jinsi kosa lilivyotambuliwa, nani aliruhusiwa kugusa nini, kipi kiliitwa kwa jina gani.

Hapa ndipo katalogi inaporudi. Mwandishi wa katalogi anapotaka kumsaidia msomaji wa leo, hushawishika kuandika kumbukumbu badala ya bohari, maelekezo badala ya amri, na mchanganuzi wa mifumo pale ambapo hati inamtaja karani tu. Nia ni njema. Lakini mtafiti aliyeyakuta maneno ya zamani katika hati za Warwick au katika mahojiano ya Cambridge, kisha akayatafuta katika katalogi iliyosafishwa kwa namna hiyo, atarudi mikono mitupu ingawa kitu anachokitafuta kimo ndani ya sanduku. Gharama ya kuliepuka hilo si kubwa. Neno la wenyewe liandikwe kwanza, kama lilivyotumika mwaka 1951 au 1962, na neno la leo lifuate kando yake, pamoja na jina la kazi ambayo kifaa kilikuwa kikifanya siku kilipozimwa.